Mikono ya mkunga ni kinga ya kwanza ya mzazi

Mama mja mzito anapofika hospitalini uchungu ukiwa umemshika, hofu yake ni ule uchungu wenyewe, na pengine gharama. Ni nadra kumsikia akiuliza, "Je, mkunga atakayenipokea amenawa mikono?" Hata hivyo, swali hilo dogo ndilo linaloweza kuamua kama mama huyo atarudi nyumbani akiwa amempakata mtoto wake, au atarudishwa wodini siku ya nne akitetemeka kwa homa.

Wiki hii, msomaji, tutalitazama suala la kuzuia maambukizi katika kazi ya uuguzi na ukunga. Wala hatutalitazama kutoka katika hospitali kubwa za Nairobi au Mombasa, ambako bomba likifunguliwa hutarajiwa kutoa maji (ijapokuwa wakazi wa mitaa mingi watanicheka nikisema hivyo). Tutalitazama kutoka Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika Kaunti ya Garissa. Penye maji haba na watu wengi ndipo mtu anapotambua ni jambo gani katika usafi wa hospitali lililo la lazima, na ni lipi lililo pambo tu.

Kambi ya Dagahaley ilifunguliwa mwaka 1992, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 na maelfu ya watu kuvuka mpaka kuja Kenya. Kambi tatu za kwanza, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000 kwa jumla. Kufikia mwaka 2023, Dagahaley peke yake ilikuwa imewapita hao. Maji yake hutoka katika visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, yakapandishwa kwenye matangi, kisha watu wakayachota kwenye mabomba ya pamoja kwa mitungi ya plastiki. Tangu mwaka 2009 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) limekuwa likitoa huduma za afya huko, zikiwemo za kuzalisha na za upasuaji, na miongoni mwa wafanyakazi wake wamo wakimbizi wenyewe waliofunzwa kazi hiyo.

Katika mazingira hayo, kila ndoo ya maji inayoingia chumba cha kuzalia ina hesabu yake. Ni lazima ijulikane ipi ni ya kunawa mikono, ipi ya sakafu na ipi ya vifaa.

HOMA YA UZAZI HUTOKA WAPI?

Mtoto anapozaliwa na kondo la nyuma kutoka, ndani ya mfuko wa uzazi hubaki kidonda. Kidonda hicho hakionekani kwa macho, lakini ni kidonda kama kingine chochote: ni kibichi, kina damu, na mlango wake bado haujafunga sawasawa. Viini vya maradhi vikifika hapo hupata joto na chakula, na huzaana upesi. Vinaweza kuletwa na kidole cha mkunga, na mkasi usiochemshwa, na shuka iliyotumiwa na mwingine, au vikatoka katika mwili wa mama mwenyewe alipopimwa njia mara nyingi kupita kiasi. Ndipo huja homa, maumivu ya tumbo la chini na uchafu wa uzazi wenye harufu mbaya. Viini vikiingia katika damu, mama anaweza kufariki kwa siku chache, wakati mwingine kwa saa chache. Shirika la Afya Duniani huyahesabu maambukizi haya kuwa mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya wazazi, pamoja na kutokwa na damu nyingi na shinikizo la damu.

Mtoto naye ana mlango wake, nao ni kitovu. Kikikatwa kwa wembe mchafu au kikipakwa udongo, majivu au kinyesi cha mifugo, pepopunda huweza kuingia. Aliyewahi kumwona mtoto mchanga mwenye pepopunda hasahau.

Kwamba mikono ndiyo mchukuzi mkuu wa viini hivi, si jambo lililojulikana tangu zamani. Katika hospitali kuu ya Vienna, nchini Austria, kulikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Mwaka 1846 wodi ya madaktari ilipoteza wazazi zaidi ya 11 katika kila 100, ilhali ile ya wakunga haikupoteza hata 3 katika kila 100. Wanawake wa mji ule walilijua jambo hilo, na waliomba wasipelekwe kwa madaktari. Daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, aliumizwa sana na hesabu hiyo. Alipata fununu mwaka 1847, rafiki yake alipokatwa kwa bahati mbaya na kisu kilichokuwa kikipasulia maiti, akafa kwa dalili zile zile za homa ya uzazi. Kumbe madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti asubuhi, kisha wakaenda kuwapima wazazi kwa mikono ile ile. Wakunga hawakuwa na kazi na maiti, ndiyo maana wazazi wao waliponea.

Semmelweis aliamuru kila mtu anawe kwa maji yenye klorini kabla ya kuingia wodini. Mwaka 1848 vifo katika wodi yake vilishuka hadi karibu 1 katika kila 100. Unadhani alipongezwa? Wakubwa wengi wa tiba wa zama zake walimkataa. Ni vigumu kumwambia daktari kwamba mkono wake ndio ulioua, na nadhani hata leo ni vigumu kumwambia muuguzi mwenye miaka 20 kazini arudi kwenye bomba akanawe upya.

NI WAKATI GANI WA KUNAWA?

Watu wengi hudhani muuguzi hunawa ili ajilinde yeye mwenyewe, kwa hivyo hunawa baada ya kumaliza kazi. Hiyo ni nusu tu ya habari. Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati 5: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi yoyote inayotaka usafi kamili, kama kupima njia, kuchoma sindano au kukata kitovu, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, hata kama yeye mwenyewe hakuguswa. Zile nyakati mbili za mwanzo ndizo zinazomlinda mgonjwa, nazo ndizo zinazosahauliwa zaidi kazi inapozidi.

Hebu fikiria zamu ya usiku katika wodi ya wazazi popote pale, wakunga wawili na wazazi wanane. Mmoja anatokwa na damu, mwingine kichwa cha mtoto kimeshaonekana, wa tatu analia apewe maji. Mkunga akitoka kitanda cha kwanza kwenda cha pili bila kunawa, amekuwa daraja. Si kwamba ni mvivu. Bomba liko mwisho wa wodi, na kwenda na kurudi kunataka dakika ambazo hana. Kwa hivyo jambo la kwanza katika kuzuia maambukizi ni kuyaleta maji karibu na mikono. Ndoo yenye bomba dogo, ikiinuliwa juu ya stuli, sabuni ikawekwa kando yake na beseni chini, yatosha. Ndoo ya aina hiyo mbele ya kila chumba ina faida kuliko sinki la marumaru lisilo na maji.

Kunawa kwenyewe kuna namna yake. Kwa maji na sabuni, kazi yote huchukua sekunde 40 hadi 60. Viganja husuguliwa, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, na ncha za kucha, kisha mikono hukaushwa kwa kitambaa kisichochangiwa. Taulo moja linaloning'inia ukutani tangu Jumatatu, likifutiwa mikono na wafanyakazi wote, hurudisha kile kilichoondolewa na sabuni. Sabuni ya kipande nayo isiachwe ikilala katika dimbwi la maji. Iwekwe mahali inapoweza kukauka. Pete, bangili na kucha ndefu huacha nafasi ya viini kujificha. Muuguzi anayevaa mikono mirefu kwa sababu ya dini huipandisha hadi kwenye kiwiko anaponawa na anapofanya kazi, au hupewa mikono ya kuvaa na kutupa.

Na maji yanapokosekana kabisa? Mwislamu anajua kwamba asiyepata maji ya kutia udhu ameruhusiwa kutayamamu. Hospitalini nako kuna njia mbadala, ingawa mfano wangu unaishia hapo. Ni ile dawa ya kusugulia mikono yenye spiriti, ambayo tangu korona ya mwaka 2020 kila mtu huiita sanitaiza. Ikisuguliwa mikono yote kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka ikakauka yenyewe, huua viini vingi hata kuliko sabuni, na huweza kubebwa mfukoni kutoka kitanda hadi kitanda. Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni yake, hivyo hospitali inaweza kuichanganya katika famasi yake bila kungoja ya dukani. Wako waliouliza kama inajuzu kwa Mwislamu kuipaka, kwa kuwa ina pombe. Suala hilo liliwahi kuzungumzwa na wanazuoni, na wengi walikubali kwamba kutumia spiriti kama dawa ya kuzuia maradhi si sawa na kuinywa. Lakini mikono yenye damu au uchafu unaoonekana haisafishwi kwa spiriti. Hiyo ni lazima ipate maji na sabuni.

GLAVU SI NGOZI YA PILI

Hapa pana kosa ambalo nimeliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumtazama ndugu yangu aliyejifungua katika hospitali moja mjini. Muuguzi alikuwa amevaa glavu safi kabisa. Kwa glavu zile alimkagua mzazi mmoja, akafungua pazia, akaandika katika faili, akajibu simu yake ya mkononi, kisha akaja kumgusa mtoto wa ndugu yangu kitovuni. Sikusema kitu, na mpaka leo najilaumu. Aliyekuwa akilindwa na glavu zile ni yeye peke yake.

Glavu ni za mgonjwa mmoja, na mara nyingi ni za kazi moja kwa mgonjwa huyo. Zikivuliwa, mikono hunawiwa, maana glavu hutoboka bila mtu kujua, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Za kuzalishia lazima ziwe zile zilizotakaswa, zinazotoka katika pakiti yake mwenyewe, si zile za kwenye boksi zinazochomolewa moja moja kama karatasi. Mahali penye uhaba watu hushawishika kuziosha na kuzivaa tena. Hilo halifai, kwa sababu maji hayatoi kilichoingia kwenye tundu usiloliona.

KUJIFUNGUA WAKATI WA KIPINDUPINDU

Jambo linaloifanya Dagahaley kuwa darasa gumu kuliko wodi nyingi za mjini ni kipindupindu. Mlipuko ulioanza mwishoni mwa mwaka 2015 uliwapata zaidi ya watu 1,000 katika kambi za Dadaab. Mwingine ulianza Oktoba 2022, wakati ukame ulipokuwa ukileta wakimbizi wapya waliojenga vibanda pembezoni mwa kambi, pasipo vyoo wala mabomba ya kutosha. Katikati ya mwaka 2023 MSF ilisema karibu nusu ya wakazi wa Dagahaley hawakuwa na vyoo vinavyofaa kutumika.

Kipindupindu huenezwa na kinyesi na matapishi yanayofika katika maji au chakula. Mgonjwa mmoja huweza kutokwa na lita nyingi kwa siku. Ukimweka mgonjwa huyo katika wodi ya wazazi, ambako kuna maji na damu sakafuni na watoto wasiozidi saa chache tangu kuzaliwa, umefungua mlango wa msiba. Lakini mja mzito hakingwi na kipindupindu kwa sababu ya mimba yake. Yeye ana hatari zaidi, kwa maana maji yakimwishia mwilini, damu inayomfikia mtoto tumboni hupungua, na mtoto anaweza kufa kabla ya mama. Basi akishikwa na uchungu huku anahara, apelekwe wapi?

Kanuni ni kwamba mgonjwa hamfuati mkunga. Mkunga ndiye humfuata mgonjwa. Kituo cha kipindupindu hujengwa mbali na wodi nyingine na huzungushiwa uzio wenye mlango mmoja wa kuingilia, na ndani yake hutengwa kona ya kuzalia. Vifaa vya kuzalishia vilivyoingia humo havirudi wodini kabla ya kusafishwa na kutakaswa, na kondo la nyuma hufukiwa katika shimo la huko huko. Mkunga akitoka hubadilisha mavazi na kunawa. Mgonjwa huruhusiwa mtu mmoja tu wa kumtunza, na mtu huyo naye hufunzwa kunawa. Jambo hilo huleta ubishi mkubwa, maana katika jamii nyingi zetu mzazi hazungukwi na mtu mmoja. Huzungukwa na mama, shangazi, dada na majirani.

Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati, na chini yake huwekwa ndoo yenye klorini kali. Kingine huwekwa kando kwa matapishi. Mama hupewa maji ya mshipa na maji ya chumvichumvi kwa wingi, na akina mama wengi hupata nafuu haraka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa mtoto aliyezaliwa humo huendelea kunyonya. Maziwa ya mama hayaambukizi kipindupindu. Mikono ya mama ndiyo inayoweza kuambukiza, kwa hivyo hunawishwa kila kabla ya kumpakata.

Juu ya klorini nitakawia kidogo, kwa sababu watu wengi, hata majumbani, huitumia kama maji ya baraka: nyunyiza popote, kwa kiasi chochote. Katika kituo cha kipindupindu huwa kuna nguvu tatu, na kila moja ina pipa lake na alama yake. Iliyo hafifu kabisa, sehemu 0.05 katika 100, ni ya mikono. Ya kati, 0.2 katika 100, ni ya sakafu na vitanda. Iliyo kali, 2 katika 100, ni ya kinyesi, matapishi na maiti. Kwa unga wa klorini unaotumika sana katika dharura, ule wenye nguvu ya 70 katika 100, gramu 15 hivi katika lita 20 za maji hutoa ile ya mikono, na gramu 30 katika lita moja hutoa ile kali. Ukichanganya mapipa, ama utawachoma watu ngozi, ama utakuwa unamwaga maji matupu juu ya viini.

Tena klorini haipendi jua. Katika joto la Garissa, dawa iliyochanganywa asubuhi na kuachwa nje bila kifuniko huwa imepungua nguvu jioni, ingawa bado hunukia. Kwa hivyo huchanganywa upya kila siku, na mapipa hukaa kivulini. Vile vile klorini humalizwa na uchafu: ukiimwaga juu ya damu iliyoganda au matope, hutumika kupigana na uchafu na viini vikabaki. Sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, klorini ifuate.

MKASI NA SINDANO

Wauguzi waliosomea kazi miaka ya 1990 walifunzwa kwamba mkasi ukishatumiwa utumbukizwe katika klorini kwa dakika 10 kabla ya kuoshwa. Ilikuwa sheria, na vizazi vya wauguzi viliishika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 uliiacha. Sababu ni zile zile nilizotaja: damu huimaliza nguvu klorini, chuma hushika kutu, dawa humrukia mfanyakazi machoni, na mtu hujidanganya kuwa kifaa sasa ni salama. Siku hizi kifaa huzuiwa kisikaukiwe na damu, huoshwa kwa maji na sabuni na brashi na mtu aliyevaa glavu nene, kisha hutakaswa kwa mvuke wa joto la nyuzi 121 chini ya shinikizo. Iwapo hospitali unayoijua bado inafanya mambo ya zamani, usishangae sana. Habari husafiri polepole kuliko maradhi.

Sindano hairudishiwi kifuniko chake. Hutumbukizwa ndani ya boksi gumu la usalama mara tu inapotoka mwilini, na boksi likijaa robo tatu hufungwa na kwenda kuchomwa. Mkono unaorudisha kifuniko ndio hudungwa, na tone dogo la damu latosha kuhamisha virusi vya ukimwi au vya homa ya ini ya aina ya B.

UGONJWA ULIOCHAGUA WAZAZI

Nimesema juu ya kipindupindu, lakini kilichowatisha zaidi wakunga wa Dadaab huenda ni maradhi mengine. Mwaka 2012 watu walianza kufika katika vituo vya afya macho yakiwa ya manjano. Wengi walidhani ni malaria. Vipimo vilionyesha homa ya ini ya aina ya E, ambayo huenezwa kama kipindupindu, kupitia maji yaliyoingiwa na kinyesi. Zaidi ya wagonjwa 300 waliandikishwa katika miezi michache. Kwa kijana au mzee maradhi haya aghalabu huja na kupita. Kwa mja mzito, hasa katika miezi ya mwisho, huweza kuharibu ini ghafla na kuzuia damu kuganda. Wengi wa waliofariki katika mlipuko ule walikuwa wanawake waliokuwa wametoka tu kujifungua.

Hapo ndipo unapoona kwamba usafi wa wodi hauishii mlangoni pa wodi. Mkunga anaweza kunawa mara 100 kwa siku, lakini mama akiwa amekunywa maji mabaya wiki kadhaa kabla ya kuja, maradhi yameingia naye. Kliniki ya wajawazito ndipo pa kuuliza: maji yako unayatoa wapi, unayaweka katika chombo gani, una choo? Chanjo ya maradhi haya ipo, na mwaka 2022 ilitumiwa kwa mara ya kwanza duniani kukabili mlipuko, katika kambi ya Bentiu huko Sudan Kusini, waja wazito wakiwemo. Lakini haijasambaa. Silaha iliyopo ni maji safi na choo.

MKUNGA WA NYUMBANI

Si kila mama wa Dagahaley anayejifungulia hospitalini. Wapo wanaomwita umuliso, kama Wasomali wanavyomwita mkunga, ajue kusoma au asijue. Kuwafukuza wakunga hao hakujasaidia popote nilipopata habari zake. Kinachofaa ni kuwafanya wawe watu wa kumsindikiza mama hospitalini, na pale safari inaposhindikana, wajue masafi sita: mikono safi, sehemu za siri za mama zilizooshwa, mahali safi pa kuzalia, wembe mpya, uzi safi wa kufungia, na kitovu kilichoachwa kikavu bila kupakwa kitu.

Kuna jambo jingine ambalo hulifanya zoezi hili kuwa gumu zaidi Kaskazini Mashariki. Wanawake wengi wa huko walikeketwa na kushonwa utotoni. Kenya ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2011, lakini kovu lililopo halifutwi na sheria. Wakati wa kuzaa kovu hilo hulazimika kufunguliwa. Likifunguliwa na mkunga aliyefunzwa, kwa kifaa kilichotakaswa, hushonwa kingo na kupona. Likiachwa lichanike lenyewe, au likikatwa kwa wembe wa dukani gizani, mama hubaki na vidonda viwili, na viini hupata njia mbili.

UFANYE NINI WEWE WA MJINI?

Kwanza, usimkalie mzazi kitandani unapokwenda kumtazama. Kiti hakipo? Simama. Nawa kabla ya kumbeba mtoto, na ukiwa na mafua au unaendesha tumbo baki nyumbani, utamwona wiki ijayo. Pili, ukiwa ni wewe unayejifungua, una haki ya kumwambia mkunga kwa adabu, "Dada, samahani, ungenawa kwanza?" Wengi hawachukii, na atakayechukia, heri achukie.

Utasikia pia habari za dawa. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa zaidi ya wanawake 29,000 katika nchi 7, Kenya na Kongo zikiwa miongoni mwao. Mama aliyepewa dozi moja ya azithromaisini akiwa katika uchungu alipunguziwa kwa karibu theluthi moja hatari ya maambukizi makali ya damu au kifo. Kwa watoto, hata hivyo, dozi hiyo haikupunguza kitu. Ni habari njema, lakini dawa hiyo hutolewa na mhudumu wa hospitali; usijinunulie, maana viini vikiizoea dawa, tutarudi kwenye ndoo na sabuni tukiwa hatuna kingine.

Ukiwa umesharudi nyumbani, kitovu cha mtoto kiache wazi na kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Usipake dawa ya meno, mafuta wala mate. Pale ambapo desturi ya kupaka vitu ni nzito, wauguzi hutoa dawa ya kloheksidini ili mama awe na kitu salama cha kupaka; uliza kliniki. Mama mwenyewe abadilishe pedi au kitambaa mara kwa mara, anawe kabla na baada, na aoge kila siku.

Na katika majuma sita ya kwanza, joto la mwili likipanda, tumbo la chini likiuma kuzidi siku iliyotangulia, uchafu wa uzazi ukinuka, kidonda cha mshono kikitoa usaha, au mama akianza kuweweseka, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Kwa mtoto tazama kitovu chekundu au chenye usaha, mwili wa moto au wa baridi kupita kawaida, kupumua kwa haraka, na zaidi ya yote, mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akaacha. Huyo usimngojee asubuhi, kwani kwa mtoto wa siku tatu saa sita ni muda mrefu mno.